Ntare Yupi, Khalifa Yupi: Mwongozo wa Kutenganisha Majina ya Kifalme Yanayofanana

Kutoka Bukoba, Kanisa Katoliki limepata akina Rugambwa watatu wa daraja la uaskofu, na wawili kati yao wamekuwa makardinali. Laurean Rugambwa alizaliwa Julai 12, 1912, akafanywa kardinali Machi 28, 1960 na Papa Yohane XXIII, Mwafrika wa kwanza kupewa heshima hiyo katika zama zetu. Miezi miwili tu baadaye, Mei 31, 1960, kule Bunena alizaliwa Protase Rugambwa, ambaye naye alivishwa kofia nyekundu Septemba 30, 2023 akiwa askofu mkuu mwandamizi wa Tabora. Katikati yao yupo Novatus Rugambwa, aliyezaliwa Bukoba mwaka 1957, askofu mkuu aliyetumwa kuwa balozi wa Papa Angola, Honduras na New Zealand.

Sasa mpe mtu karatasi iliyoandikwa "Askofu Rugambwa" bila jina la ubatizo wala mwaka, umwulize ni yupi.

Hao watatu ni rahisi, kwa kuwa waliishi enzi za vyeti. Karatasi ikitaja seminari ya Rubya, ile iliyopo Ihangiro tangu 1904, na baadaye Katigondo ya Uganda, huyo ni Laurean. Ikitaja Kibosho na Segerea, na upadrisho uliotolewa na Papa Yohane Paulo II jijini Dar es Salaam Septemba 2, 1990, huyo ni Protase. Ikitaja ubalozi, ni Novatus. Kazi imekwisha kabla chai haijapoa. Namna hiyohiyo ya kufanya kazi, yaani kuliacha jina kando kwanza na kushika shule, mahali, tarehe na wazazi, ndiyo inayomfaa msomaji anayetaka kufuatilia koo za Abakama, yaani wafalme, wa Buhaya, masultani wa Unguja, au hata mabinti wa kifalme wa Ujerumani ambao majina yao yamewatoa jasho watunza kumbukumbu wa Ulaya kwa karne nyingi.

Anza na jambo linalowapoteza wageni wengi wanaofungua daftari za ubatizo za Kagera: baba na mwana hawalazimiki kuwa na jina moja. Baba yake Laurean Rugambwa aliitwa Domitian Rushubirwa, na mama yake Asteria Mukaboshezi. Hakuna "familia ya Rugambwa" kwa maana ya Kizungu, ile ambayo jina la babu hubandikwa kwa kila mjukuu. Rugambwa ni jina la mtu, na watu wengine wasio na undugu naye wanaweza kulibeba. Kwa hiyo usiunganishe watu wawili kuwa ndugu kwa sababu ya jina la pili. Tafuta majina ya baba na mama, kisha uliza oruganda, yaani ukoo, na mwiko wake. Bahinda mwiko wao ni tumbili. Babito mwiko wao ni pongo. Mzee anaweza kusahau mwaka, akachanganya majina ya wajomba, lakini ni nadra sana kusahau asichoruhusiwa kula.

Daftari za kanisa zina faida nyingine ambayo wengi hawaitumii. Kwa utaratibu wa Kanisa Katoliki, ukurasa wa ubatizo wa mtu huongezwa habari pembeni baadaye: kipaimara, ndoa, upadrisho au nadhiri za utawa. Mtu anayetafuta Kokushubira fulani kati ya wanawake wengi wenye jina hilo asiishie kwenye mstari wa ubatizo. Asome pembeni. Jina la mume, parokia ya ndoa na tarehe vitamtofautisha na wenzake, maana majina ya wanawake wa Kihaya yanayoanza na Koku- ni mengi, na mwandiko wa padri aliyechoka huyafanya yote yafanane. Kumbuka pia kwamba mapadri wa zamani waliandika Kilatini, hivyo Laurean atakuwa Laureanus na Protase atakuwa Protasius. Wahaya wamependa majina ya watakatifu ambao Wakatoliki wa kwingine hawajawahi hata kuwasikia, na katika kazi hii hilo ni neema: akina Yohane ni wengi mno kuwatenganisha, Laurean wachache.

Ukitoka kwenye daftari na kuingia kwenye orodha za Abakama, mambo yanabadilika. Hapa majina yanarudiwa kwa makusudi. Bahinda wanasimulia kwamba Ruhinda ndiye aliyeasisi ufalme wa Karagwe, na kwamba watoto na wajukuu zake walieneza utawala hadi Ihangiro na Kyamtwara. Katika orodha za Karagwe, Ruhinda na Ntare wanarudi tena na tena. Anayesoma "Ntare wa Karagwe" bila kitu kingine hana mtu mkononi, ana cheo cha familia tu.

Tena Ntare si wa Karagwe peke yake. Nkore, upande wa Uganda, nako walitawala Bahinda, na nako kulikuwa na akina Ntare. Burundi pia. Angalia mtego huu: Ntare V wa Nkore, aliyeitwa Rugingiza, alifariki mwaka 1895. Ntare V wa Burundi ni Charles Ndizeye, kijana aliyechukua kiti mwaka 1966, akaondolewa mwaka huohuo, na kuuawa mwaka 1972. Jina moja, namba moja, na kati ya vifo vyao miaka 77. Kitabu kikisema "Ntare V" bila kutaja nchi, kiweke pembeni mpaka upate sentensi nyingine inayotaja mahali.

Kinachosaidia ni jina la pili, lile la sifa. Rugingiza ni wa Nkore. Ntare Rugamba ni wa Burundi, aliyetawala nusu ya kwanza ya karne ya 19. Rumanyika wa Karagwe aliyewapokea wasafiri wa Kizungu Speke na Grant mwaka 1861, na ambaye Stanley alimkuta mwaka 1876, ni Rumanyika Orugundu. Katika daftari lako andika jina la sifa kila unapolipata, hata kama mwandishi wa kitabu amelitupa kwenye mabano kana kwamba ni pambo. Mara nyingi hilo ndilo lililotumika kikaleni, yaani kwenye makao ya mfalme, na ndilo wazee wanalolijua.

Na zile namba? Zitumie kwa tahadhari. Katika falme za Burundi na Rwanda majina ya kiti yalifuata mzunguko maalumu, Ntare, Mwezi, Mutaga na Mwambutsa kwa Burundi, kwa hiyo kuhesabu kuna maana fulani. Lakini kwa sehemu kubwa ya Buhaya, "wa Kwanza" na "wa Pili" vilibandikwa na waandishi waliozoea orodha za wafalme wa Ulaya. Mwandishi mmoja akimwacha Mukama aliyetawala muda mfupi, namba zote zinazofuata zinasogea. Ndiyo maana Ruhinda mmoja anaweza kuwa na namba hii kwenye kitabu kimoja na namba nyingine kwenye kingine, bila mwandishi yeyote kusema uongo. Ukinakili namba, nakili pamoja na jina la kitabu ulichoitoa. Namba isiyo na kitabu chake ifute.

Kiziba kuna ugumu wa aina nyingine. Huko walitawala Babito, wanaojihesabu kutoka Bunyoro kupitia kwa Kibi. Mukama aliyekuwapo Wajerumani walipojiimarisha ni Mutatembwa. Aliyemfuata mwaka 1903 ni Mutahangarwa. Baada yake akaja Mutakubwa. Majina matatu, yote yanaanza na Muta-, yanafuatana vizazi vitatu. Barua ya zamani iliyoliwa na mchwa na kubakiza "Muta..." tu haitakuambia chochote mpaka uitazame tarehe: kabla ya 1903 ni baba, baada ya hapo ni mwana au mjukuu. Kwa Kiziba msomaji ana bahati ya kuwa na kazi ya Francis Xavier Lwamgira, Amakuru ga Kiziba n'Abakama Bamu, iliyoandikwa kwa Kihaya na mtu aliyekijua kikale kwa ndani. Mjerumani Hermann Rehse naye alitoa kitabu chake kuhusu Kiziba mwaka 1910. Karagwe ina kitabu cha Israel Katoke, The Karagwe Kingdom, cha mwaka 1975. Vyote visomwe pamoja, kwa kuwa kila mmoja alisikiliza wazee wake.

Halafu kuna tahajia, na hapa uvumilivu unahitajika. Kalemera na Karemera wanaweza kuwa mtu mmoja, kama vile Lwamgira anavyoweza kuandikwa Rwamugira, kwa kuwa waandishi walibadilishana l na r kadiri sikio lilivyowaelekeza. Kianja, Kyanja na Kihanja ni ufalme uleule, ule wa Kahigi wa Kanazi aliyekuwa rafiki mkubwa wa Wajerumani na kufariki mwaka 1916. Mjerumani husoma j kama y, hivyo usishangae kukuta Kjamtwara mahali pa Kyamtwara. Speke, kwa sikio lake la Kiingereza, aliandika Rumanika, Dagara na Rohinda. Hao ni Rumanyika, baba yake Ndagara, na Ruhinda. Kabla ya kusema mtu hayumo kwenye daftari au kitabu, liandike jina lake kwa namna zote unazoweza kuzifikiria, kisha tafuta moja baada ya nyingine.

Jambo moja zaidi kuhusu Kagera kabla ya kuvuka maji. Mipaka ya leo usiitumie kama mipaka ya falme. Muleba imebeba sehemu kubwa ya Ihangiro, lakini wilaya ni ya serikali na ufalme ulikuwa wa Mukama. Mamlaka ya machifu yalifutwa kisheria mwaka 1963, na nyaraka za kabla ya hapo zinafuata majina ya zamani: Kiziba, Missenyi, Bugabo, Kyamtwara, Maruku, Kianja, Ihangiro, Karagwe. Anayetafuta habari za babu yake wa Rubya kwenye faili lililoandikwa Muleba atachoka bure. Atafute Ihangiro.

Unguja kunatoa somo safi kuliko kwingine, kwa sababu kuna tarehe za kila kitu. Masultani wa ukoo wa Al Busaid walitambulika kwa bin, na bila hiyo bin hakuna anayeweza kuwatenganisha. Kulikuwa na Khalifa wawili: Khalifa bin Said, aliyetawala 1888 hadi 1890, na Khalifa bin Harub, aliyekaa kwenye kiti kuanzia 1911 hadi 1960. Kulikuwa na Ali wawili: Ali bin Said wa 1890 hadi 1893, na Ali bin Hamoud wa 1902 hadi 1911. Hata Khalid walikuwa wawili, Khalid bin Said aliyefariki 1854 wakati baba yake bado yu hai, na mpwa wake Khalid bin Barghash.

Huyu wa mwisho analeta mfano mzuri wa umuhimu wa siku, si mwaka tu. Sultani Hamad bin Thuwaini alifariki Agosti 25, 1896. Khalid bin Barghash akajitangaza sultani siku hiyohiyo. Agosti 27 manowari za Kiingereza zikapiga mizinga, vita vikaisha kwa chini ya saa moja, Khalid akakimbilia ubalozi wa Wajerumani na baadaye kupelekwa Dar es Salaam, na Hamoud bin Mohammed akawekwa kwenye kiti. Hamad na Hamoud, mwezi mmoja, siku mbili zikiwatenganisha. Hati ya Agosti 1896 yenye jina la sultani lililofutika nusu inahitaji siku, na ikiwezekana saa.

Kwa wanawake, mila ya Kiarabu na Kiswahili inamrahisishia mtafiti kuliko ya Kizungu, kwa sababu binti haachi jina la baba yake anapoolewa. Matuka bint Hamoud, binti wa Sultani Hamoud, aliolewa na Khalifa bin Harub, akabaki bint Hamoud mpaka kufa. Msomaji anaona mara moja kwamba ni dada wa Ali bin Hamoud na mke wa sultani aliyemfuata Ali. Jina lenyewe linakupa ukoo.

Mmoja aliacha utaratibu huo, na ndiye anayeziunganisha nyaraka za Unguja na za Ujerumani. Salme bint Said, aliyeandikwa pia Salamah, alizaliwa Agosti 30, 1844 kwenye jumba la Mtoni. Mwaka 1866 aliondoka Unguja kwa meli ya Kiingereza, na Mei 30, 1867 kule Aden akabatizwa na kuolewa siku moja na mfanyabiashara wa Hamburg, Rudolph Heinrich Ruete. Tangu hapo ni Emily Ruete, na kumbukumbu zake zilizochapishwa Berlin mwaka 1886 zilimtangaza kama binti wa kifalme wa Kiarabu. Watoto wake nao walipewa majina ya pande mbili: Antonie Thawka, Rudolph Said, Rosalie Ghuza. Ukikuta "Rudolph Ruete" kwenye hati, kumbuka kwamba baba alifariki mwaka 1870 kwa ajali ya tramu, na mtoto alizaliwa 1869. Hati yoyote ya mtu mzima baada ya 1870 ni ya mwana. Salme mwenyewe alifariki Jena Februari 1924. Kwa hiyo kadi moja ya Unguja na kadi moja ya Jena zinaweza kuwa za mwanamke mmoja, na mtu asiyejua habari ya Aden atawahesabu wawili.

Hilo ndilo lililowapata mabinti wengi wa kifalme wa Ujerumani, na kwa wingi zaidi. Nyumba za kifalme za Kijerumani zilikuwa nyingi, Prussia, Hesse, Württemberg, Schleswig-Holstein na nyinginezo, zote zikirudia majina machache, na mabinti zao wakiolewa kila pembe ya Ulaya. Urusi ilizidisha: bibi arusi aliyeingia Kanisa la Kiorthodoksi alipewa jina jipya. Charlotte wa Prussia (1798 hadi 1860) akaolewa na Nikolai I akawa Alexandra Feodorovna. Alix wa Hesse (1872 hadi 1918) akaolewa na Nikolai II mwaka 1894 akawa naye Alexandra Feodorovna. Jina moja, wote Wajerumani, wote wake wa Nikolai. Hapo jina la ndoa halikusaidii kitu. Rudi kwenye nyumba alikozaliwa. Alix huyo alikuwa na dada aitwaye Elisabeth (1864 hadi 1918), na kaka yao akamzaa binti akamwita Elisabeth, aliyefariki mtoto mwaka 1903. Kaburi la mtoto wa miaka minane haliwezi kuwa la shangazi yake.

Watu wa Bukoba wana sababu yao ya kuijua familia hii. Mji wao ulianzishwa na Emin Pasha mwaka 1890, chini ya bendera ya Kaisari Wilhelm II. Mama yake Kaisari aliitwa Victoria. Dada yake mmoja, Viktoria. Mkewe, Auguste Viktoria. Binti yake, Viktoria Luise. Na ziwa lililo mbele ya mji lilikuwa limekwisha kupewa na Speke, tangu 1858, jina la bibi mzaa mama wa Kaisari huyo, Malkia Victoria wa Uingereza. Auguste Viktoria, mke wa Kaisari, alizaliwa 1858 katika nyumba ya Schleswig-Holstein, na hospitali ya Kilutheri ya Jerusalem bado ina jina lake. Asichanganywe na Auguste Viktoria wa Hohenzollern, aliyezaliwa 1890 na kuolewa mwaka 1913 na Manuel II, mfalme wa Ureno aliyekwisha kupinduliwa. Mmoja alikuwa na taji, mwingine alipewa mume asiye na kiti.

Kwa kazi yenyewe, daftari la kawaida la mistari linatosha. Kila mtu apewe ukurasa wake, na juu ya ukurasa yaandikwe mambo haya kabla ya jina: ufalme au nyumba, ukoo na mwiko kama ni wa huku kwetu, baba, mama, mwaka mmoja wenye uhakika. Jina na tahajia zake zote ziandikwe chini, kisha jina la sifa, kisha namba pamoja na kitabu chake. Ukipata karatasi mpya yenye jina linalofanana, usiibandike kwenye ukurasa wa zamani mpaka mambo mawili mbali na jina yakubaliane. Moja halitoshi: Bahinda wawili wa Ihangiro wenye jina moja wanaweza kabisa kuishi katika muongo uleule. Ukibaki na shaka, waache kurasa mbili. Kuwaunganisha baadaye ni kazi ya dakika moja, lakini ukiwaunganisha kimakosa, watoto wa mmoja wataandikwa kwa mwingine na warithi watagombana.

Miaka ya kabla ya 1861, Speke alipofika Karagwe, ichukue kuwa makadirio yaliyotokana na kuhesabu vizazi, na uiandike hivyo, kwa neno "takribani" mbele yake.

Na kama nyumbani kwenu Muleba, Karagwe au Kiziba kuna daftari la ukoo lililoandikwa na babu, lipige picha mwaka huu, ukurasa kwa ukurasa. Kaa na mtu mzima anayewafahamu waliotajwa, mwulize kila jina ni mwana wa nani na mama yake ametoka ukoo gani, na andika jina la aliyekujibu na tarehe ya jibu.